Mvinje wa Ufukweni Uliodumaa au Kupinda: Kutafuta Sababu Kabla ya Kushika Panga

Wenye viwanja vinavyotazama bahari, kuanzia Shela hadi Mambrui, Malindi na Watamu, huuliza karibu swali lile lile kuhusu mivinje yao: kwa nini ile ya mbele imebaki mifupi, imelalia bara na imekauka upande mmoja, ilhali miche iliyopandwa siku ile ile nyuma ya nyumba imekwisha kulipita paa. Jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba mti una ugonjwa na heri ukatwe, na si ajabu kwamba anayelitoa jibu hilo ndiye atakayeondoka na fito. Mwongozo huu unazichukua dalili moja baada ya nyingine na kuonyesha namna ya kuzitofautisha sababu zake, kwa sababu dalili mbili zinazofanana kwa mbali zinaweza kudai matendo yaliyo kinyume kabisa. Unahusu mivinje ya ufukweni peke yake. Mivinje ya mashamba ya nguzo kule bara ina shida zake, nazo zitaguswa pale tu zinapoingiliana na hizi.

Kanuni ninayoitumia ni kuuliza upande kabla ya kuuliza rangi. Dalili yenye upande, yaani inayoonekana goshini (upande unaopigwa na upepo) na isiyoonekana demani (upande wa nyuma uliokingwa nao), kwa kawaida ni kazi ya upepo, mchanga na chumvi, na mti wa namna hiyo si mgonjwa bali unaishi kwa masharti ya mahali uliposimama. Dalili isiyo na upande, inayouzunguka mti mzima au inayopanda kutoka chini bila kujali upepo unatokea wapi, ina asili yake ardhini, mizizini, katika maji ya kumwagilia au kwenye gome. Ya kwanza huvumiliwa na kusaidiwa. Ya pili hutafutiwa dawa, na wakati mwingine hutakiwa kuwahiwa kabla haijafika kwenye mti wa jirani.

Namna ya kuusoma upande

Utazame mti mchana jua likiwa juu, kwani asubuhi mwanga unaotoka baharini huufanya upande wa mashariki uonekane mzima kuliko ulivyo. Simama kwanza ufukweni ukiwa umeipa bahari mgongo, kisha zunguka usimame nyuma ya mti. Katika pwani yetu upepo unaoumba miti ni kusi, unaoanza kushika baada ya masika kuingia na kuwa mkali zaidi katikati ya mwaka, ukitoka kusini na kusini-mashariki. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ina nguvu ndogo zaidi, ingawa mahali palipo wazi kwa upande huo nayo huacha alama yake. Kwa hiyo mti uliopindishwa na upepo huelekea kaskazini au kaskazini-magharibi, si lazima uelekee moja kwa moja kinyume cha maji, na tofauti hiyo ndogo ni ushahidi mzuri: mti ulioinamia mahali ambapo kusi haiwezi kuusukumia umeinamishwa na kitu kingine.

Baada ya hapo chuma kitawi kimoja goshini na kingine demani, vyote kutoka kimo kimoja. Kile tunachokiita sindano ya mvinje si jani, bali ni kitawi chembamba chenye pingili, na ukikivuta kwa kucha pande mbili kitaachia kwenye kiungo na kukuonyesha duara la vijino 6 hadi 8, ambavyo ndivyo majani yenyewe, madogo kiasi kwamba mtu anaweza kuishi na mti huu miaka mingi asiyaone. Kitawi kilichounguzwa na chumvi huanza kufa nchani: pingili za nje zitavunjika zikiwa kavu na za rangi ya kahawia, ilhali zile zilizo karibu na tawi bado zitaachia vizuri zikiwa na unyevu. Kitawi kilichonyimwa maji na mizizi huelekea kufifia chote kwa pamoja na kudondoka. Ikiwa vitawi vya pande zote mbili vina hali moja, acha habari za upepo na uende moja kwa moja kwenye sehemu zinazohusu maji, mizizi na gome.

Kwa nini upepo huufupisha mti

Sababu zenyewe huonekana wazi zaidi katika milima ya nchi za baridi, kwenye mpaka wa juu ambapo misitu ya misonobari na jamaa zake hukoma. Katika milima ya Rocky huko Marekani na Canada, Picea engelmannii, ambayo mabondeni hupita mita 30, hufika mpakani ikiwa zulia la matawi lisilofika kiunoni mwa mtu, na jirani yake Abies lasiocarpa hufanya vivyo hivyo. Katika Alps za Ulaya nafasi hiyo imeshikwa na Pinus mugo. Sababu ya kwanza ni baridi, kwani mpaka wa juu wa miti duniani huelekea kuwa pale ambapo wastani wa joto katika msimu wa kukua unakaribia nyuzi 6 za Selsiasi, na chini ya hapo mti hauwezi kujenga mbao mpya kwa kasi inayotosha hata kama majani yake yanaendelea kutengeneza chakula. Sababu ya pili ni upepo wa majira ya baridi. Upepo huo hubeba chembe za barafu zinazokwaruza nta iliyofunika majani, na jani lililokwaruzwa hupoteza maji ambayo mizizi iliyo katika udongo ulioganda haiwezi kuyarudisha. Sehemu ya mti iliyofunikwa na theluji husalimika, na chipukizi linalothubutu kuchomoza juu yake hufa, kiasi kwamba kimo cha zulia hilo la miti huelekea kulingana na kina cha theluji ya mahali hapo. Shina likifanikiwa kupenya, hubaki na matawi upande wa demani tu.

Anayepanda Mlima Kenya haoni jambo hili kwa misonobari, kwa kuwa mitarakwa na mipodo hubaki chini zaidi na mpaka wa juu kule umeshikwa na miti ya jamii ya Erica.

Lamu na Malindi hazina baridi ya namna hiyo, hivyo nusu ya maelezo hayo inabaki mlimani. Nusu ya pili inatuhusu sana. Mchanga wetu unafanya kazi ya barafu, ukikwaruza ngozi ya vitawi na magome. Chumvi inafanya kazi ya udongo ulioganda, kwa kuwa inauacha mti na kiu hata wakati mizizi imo katika unyevu. Na kinga ambayo kule hutolewa na theluji, hapa hutolewa na tuta la mchanga, ukuta, ua wa makuti, au mvinje mwingine uliotangulia mbele. Mvinje wenyewe si ndugu wa misonobari, licha ya sindano zake na matunda yake yanayofanana na koni; ni mti wa maua, na kufanana huko ni kwa sura tu. Upepo haujali ukoo.

Dalili: mti umelala na una matawi demani peke yake

Hii ndiyo dalili inayoleta hofu nyingi kuliko zote, nayo ndiyo isiyostahili hofu. Pima mambo mawili. La kwanza ni mteremko wa vilele: tazama safu nzima ya miti kutoka ubavuni, na kama vilele vinapanda taratibu kutoka baharini kuelekea bara, bila mti mmoja kuchomoza peke yake, basi umbo hilo limekatwa na hewa yenye chumvi. La pili ni mahali pa majeraha. Mchanga unaopeperushwa husafiri karibu na ardhi, na sehemu yake kubwa hupita chini ya magoti, kwa hiyo ukikuta gome limesuguliwa na kung'arishwa goshini karibu na ardhi ilhali matawi ya juu ni mazima, adui ni mchanga na dawa yake ni kuutuliza mchanga. Ukikuta chini pana nafuu na juu pamekauka, adui ni chumvi inayorushwa na mawimbi.

Tofauti hiyo inaeleza pia kwa nini viwanja viwili vilivyo umbali ule ule kutoka majini havifanani. Mahali ambapo mwamba wa tumbawe huyavunja mawimbi mbali na pwani, kama kusini mwa mji wa Malindi kuelekea hifadhi ya bahari na ile sehemu inayoitwa Casuarina kwa sababu ya miti hii hii, chumvi inayofika nchi kavu ni kidogo. Katika ghuba karibu na mlango wa Mto Sabaki hakuna mwamba wa kuyazuia, mawimbi huvunjikia ufukweni penyewe, na mivinje ya mbele hulipia. Upande wa Lamu, mji wenyewe unatazama mkondo wa Manda na umekingika, ilhali ufuo mrefu wa Shela uko wazi kwa bahari kuu na una matuta ya mchanga yanayotembea, kwa hiyo mti wa kule hupigwa na mchanga na chumvi kwa pamoja.

Usishangae kumkuta mvinje mzee aliyepinda vibaya akiwa mbali na maji, hasa Malindi na Mambrui. Tope la Sabaki limeupanua ufuo sehemu hizo kwa miaka mingi, na mti uliokuwa mstari wa mbele ulipokuwa mchanga sasa una mchanga mpana mbele yake. Shina lililokwisha kupinda halinyooki. Tazama vitawi vya mwaka huu, na kama ni vya kijani pande zote, mti umekwisha kupona na umbo lake ni historia tu.

Cha kufanya kwa mti uliolala lakini wenye uhai ni kidogo kuliko watu wanavyotaka kufanya. Usiukate matawi makavu ya goshini kwa ajili ya usafi, kwa sababu matawi hayo yaliyokufa bado yanavunja upepo na kukinga yaliyo hai nyuma yake, na ukiyaondoa, kusi inayofuata itaunguza tabaka jingine. Kama ni lazima kupunguza, kata demani, na ukate palipo na kijani, kwani mvinje hauchipui vyema kutoka kwenye mti mtupu uliozeeka na mara nyingi kisiki chake hufa. Kumwagia matawi maji matamu baada ya siku kadhaa za mawimbi makubwa husaidia mche au miti michache ya mapambo. Kwa safu nzima ni kupoteza maji.

Dalili: mti umeinama, lakini shina linacheza

Sukuma shina kwa kiganja, kwa kimo cha kifua, huku ukiitazama ardhi. Mti ulioumbwa na upepo una shina lililopinda na shingo iliyotulia. Mti ulioinama kwa sababu ya mizizi una shina lililonyooka lakini limelala lote, na udongo wa pembeni yake hupanda na kushuka ukilisukuma. Sababu ya kawaida ni mche uliokaa kitaluni muda mrefu kupita kiasi ndani ya mfuko wa nailoni, mzizi mkuu ukajizungusha chini ya mfuko, kisha ukapandwa hivyo hivyo. Mti wa namna hiyo huenda vizuri miaka ya mwanzo, halafu hudumaa, na siku ya upepo mkali hung'oka wote ukionyesha fundo la mizizi lisilozidi upana wa mfuko uliotoka nao. Hauna tiba. Ung'oe ukiwa mdogo na upande mwingine, na wakati wa kununua miche chagua mifupi yenye shina nene badala ya mirefu iliyokwisha kutoboa mifuko, ingawa muuzaji ataisifu ile mirefu.

Mahali penye jiwe la tumbawe karibu na uso wa ardhi dalili huwa ile ile bila kosa la kitalu. Piga mtaimbo hatua moja kutoka shinani: ukigonga jiwe kabla ya kina cha goti, mti hauna pa kushika, na busara ni kuuacha ubaki mfupi kuliko kuumwagilia ukue na kuanguka.

Dalili: mti hauna kilele, umekuwa kichaka

Hapa watu huusingizia upepo makosa ya mifugo. Kichaka cha upepo kina uso laini ulioteremka kwa upande mmoja. Kichaka cha mbuzi kimekatwa pande zote hadi kimo ambacho mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma anafikia, ncha zake zimechanika badala ya kukauka, na chipukizi likipita kimo hicho hukua kwa kasi kama kwamba hakuna kilichotokea. Punda wa Lamu huongeza dalili nyingine, yaani gome lililosuguliwa au kubanduliwa kwenye kimo cha ubavu wake, nalo hutokea demani sawasawa na goshini, maana punda hutafuta kivuli na hajui kusi. Miche ikizungushiwa uzio hadi kimo cha mtu, tatizo hilo huisha lenyewe.

Sababu nyingine ya kukosa kilele ni mbegu. Kati ya miti ya milimani niliyoitaja, Pinus mugo hubaki kichaka hata ikipandwa bustanini bondeni, kwa kuwa umbo hilo imelirithi, ilhali Picea engelmannii ya mpakani imefupishwa na mahali. Mvinje uliolala ufukweni kwa kawaida ni wa kundi hili la pili, lakini unyofu wa shina nao una sehemu ya urithi, na kwa kuwa mti uliopinda hauonyeshi ungekuwaje mahali pazuri, mbegu ni heri zichumwe kwenye miti iliyonyooka ya mahali palipokingika. Kituo cha utafiti wa misitu cha KEFRI kilichoko Gede ni mahali pa kuulizia mbegu na miche kabla ya kuokota chini ya mti wowote.

Dalili: vitawi vinakauka pande zote

Ikiwa dalili haina upande na mti unamwagiliwa, lishuku kwanza lile linalodhaniwa ni msaada. Katika visiwa vya Lamu na sehemu kubwa ya ufuo wa Malindi, maji matamu ya ardhini hukaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi, na kisima kinachovutwa kwa pampu kila siku huanza kuyapandisha ya chini. Mwenye nyumba haoni mabadiliko kwa sababu hanywi maji hayo; mti ndio unaoyanywa. Fukua kidogo pembeni mwa bakuli la kumwagilia na utafute utando mweupe juu ya udongo uliokauka, kisha linganisha mti unaomwagiliwa na ule usiomwagiliwa kwenye mstari ule ule. Kama usiomwagiliwa ni mzima zaidi, umepata jibu.

Mvinje mkubwa uliokwisha kushika hauhitaji kumwagiliwa na mtu. Acha mara moja. Kwa miche ambayo haiwezi kuachwa, mwagilia mara chache kwa maji mengi yatakayoisukuma chumvi chini ya mizizi, wala usinyunyize kidogo kidogo kila jioni, kwa sababu maji hayo hukauka na kuiacha chumvi yote juu. Nyumba yenye jabia la maji ya mvua ina dawa bora kuliko zote, hasa miezi ya Januari hadi Machi.

Kama hakuna kumwagilia, na kukauka kumeanza kileleni kwa miti mingi kwa pamoja mwishoni mwa kaskazi, hiyo ni kiu ya kawaida ya msimu na masika huimaliza. Kama ni mche mmoja mmoja, mahali pakavu, kwaruza njia za udongo zilizopanda kwenye shina na uvute mche taratibu. Ukitoka bila ukinzani na mzizi umeliwa, ni mchwa.

Dalili: mti mzima ni wa manjano na haukui

Mvinje unaweza kuishi kwenye mchanga usio na rutuba kwa sababu mizizi yake hushirikiana na bakteria waitwao Frankia, wanaochukua naitrojeni hewani na kuupa mti. Ushirika huo unaonekana kwa macho. Fukua taratibu kwa mkono, karibu na shina, hadi upate mizizi myembamba, na utafute vinundu vilivyojigawa gawa kama vipande vya tumbawe, vigumu kiasi, ambavyo kwa mti mkubwa hufungamana kuwa donge. Ukivikuta vingi, njano haitokani na njaa ya naitrojeni. Usipovikuta hata kimoja, hasa kwa mti uliotoka kwenye kitalu kilichotumia mchanga mtupu au udongo uliochomwa, mti haujawahi kukutana na mshirika wake. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: chota udongo wenye mizizi kutoka chini ya mvinje mkubwa wenye afya, uuchanganye na udongo unaouzunguka mti uliodumaa, ufunike na kuutunza unyevu wake mpaka masika. Hakikisha tu kwamba mti ulikotoka udongo huo hauna dalili za gome zinazotajwa hapa chini.

Vinundu vikiwapo na njano ikabaki, angalia maji yaliyotuama, kwani mizizi iliyozama kwa wiki nyingi hukosa hewa. Na baada ya hapo angalia chokaa. Mchanga wa tumbawe una chokaa nyingi, na chokaa huifunga madini ya chuma yasichukulike na mizizi, hivyo vitawi vipya hutoka vyeupe-manjano huku vya zamani vikiwa kijani. Samadi iliyooza vizuri na kuacha sindano zilizoanguka zibaki chini ya mti husaidia kidogo kidogo. Watu huzifagia na kuzichoma kila Ijumaa kwa ajili ya usafi wa ua, na moto huo huunguza mizizi ya juu na gome ambalo kwa mti huu halina uvumilivu wa moto.

Ni kweli kwamba sindano hizo haziozi upesi. Katika machimbo ya saruji ya Bamburi, ambako René Haller alianza kupanda miti kwenye jiwe tupu la tumbawe mwaka 1971 na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyokubali, tabaka la sindano lilibaki pale pale mpaka jongoo wakubwa wenye miguu myekundu walipoletwa wakazila na kuzigeuza udongo. Kwa hiyo jongoo aliye chini ya mvinje wako aachwe na kazi yake.

Dalili: mti mzima unakauka kwa ghafla, popote uliposimama

Mti uliokuwa na kijani pande zote ukianza kugeuka kahawia wote katika muda mfupi, bila kujali msimu na bila kujali kama umekingika, tazama shina. Gome lenye malengelenge, ambalo ukilipasua kwa ncha ya kisu linatoa unga mweusi mithili ya masizi, ni dalili ya ugonjwa wa kuvu uliokwisha kuonekana kwenye mivinje ya pwani ya Kenya, na unga huo ndio mbegu za kuvu. Hapa ndipo panga na shoka vinapostahili. Kata mti siku isiyo na upepo, ng'oa kisiki, choma magome papo hapo mbali na miti mingine, na usafishe zana kabla ya kuzigusisha mti mzima. Usiuze nguzo zake zikiwa na magome na usiziburute kupita katikati ya safu. Mpigie afisa wa misitu wa eneo lako kabla hujakata, kwa sababu yeye anahitaji kuliona gome likiwa bado shinani.

Kama gome ni safi, kwaruza kwa ukucha: chini yake pakiwa na kijani chenye unyevu, mti ungali hai na una nafasi, pakiwa na kahawia kavu hadi karibu na ardhi, umekwisha kufa.

Dalili: miti ya nyuma imeanza kuungua baada ya ya mbele kuondolewa

Hili ni tatizo la kujitakia, nalo ndilo linalosababisha hasara kubwa kuliko mengine yote yaliyotajwa. Mivinje mifupi, iliyolala na isiyopendeza ya mstari wa mbele hukatwa ili kufungua mandhari ya bahari, na kusi ya kwanza baada ya hapo hupiga miti mirefu ya nyuma ambayo haikuwahi kujenga umbo la kuvumilia. Matawi yake ya goshini huungua hadi katikati, mingine hung'oka, na mchanga uliokuwa umetulia huanza kuingia barazani.

Kurudisha mstari wa mbele kunahitaji misimu kadhaa na hakuna njia ya mkato. Anza na kinga isiyo hai: ua wa makuti uliosukwa kwa mwanya, usiozibwa kabisa, kwa sababu upepo unaochujwa hutulia nyuma ya ua, na ule unaozuiwa kabisa hupanda juu na kuanguka kwa kishindo hatua chache mbele. Weka ua huo goshini, ukikingama na kusi, wala si sambamba na maji kwa sababu tu kiwanja kimekatwa hivyo. Nyuma yake panda mikadi na majani yatambaayo ya mchangani, halafu miche ya mvinje kwa nafasi ya hatua mbili, ile ya mbele ikipandwa ukijua kwamba itabaki mifupi. Usipande ng'ambo ya mstari wa maji makuu, ambako kasa hutaga na mizizi huwazuia kuchimba.

Wakati wa kupanda una utata ambao mashamba ya bara hayana. Masika hutoa maji lakini huja pamoja na kusi, na mche wa wiki chache hauwezi kukabili mchanga unaoruka. Vuli ya Oktoba na Novemba ina upepo wa utulivu lakini hufuatwa na kiangazi kikali. Mwenye jabia au kisima kisicho na chumvi apande vuli, ili kusi ikija ikute mizizi imeshika. Asiye na maji apande mwanzoni mwa masika, lakini ua wa makuti uwe umekwisha kusimama kabla ya mche wa kwanza kuingia ardhini, na usiondolewe mpaka vitawi vilivyochomoza juu yake viwe vimepita kusi moja nzima bila kukauka nchani.